Barua kwa Mhariri: Kijigari cha injini ya bodaboda msikipime kwa barabara

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Unga Limited, Arusha. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na kama mtaweza msinikate sana, hii ishu nimekaa nayo muda mrefu na safari hii nimeona niimwage yote.

Kila baada ya muda kwenye magazeti na kwenye simu zetu inatokea habari ya kijana ametengeneza gari nyumbani kwao kwa mabomba na vyuma chakavu, ndani kaweka injini ya bodaboda. Kichwa cha habari kinakuwa MAAJABU. Picha ya kijana kasimama pembeni ya gari, kiongozi kashika usukani anatabasamu, inatolewa ahadi kwamba atasaidiwa, basi imeisha hiyo. Halafu wanakuja wachambuzi, aisee hao ndo hatari, halina rivasi, halina difu (ile inayoruhusu magurudumu ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona), halina taa, trafiki atalikamata kabla halijafika kona ya kwanza, si bora angejichanga akanunua IST. Na kweli halina hivyo vitu. Miezi ikipita ukienda pale kwao unakuta gari liko nyuma ya nyumba kuku wanatagia ndani na kijana karudi kuendesha boda ya mtu.

Mi naona wanaosifu na wanaocheka wote wanapotea njia moja, wote wanalipima lile gari kama la kutoka nalo Arusha kwenda Moshi kesho asubuhi. Kwa kipimo hicho litafeli tu, hata lingetengenezwa na nani. Lakini ukimpa fundi yeyote anayejua mbio aliangalie, kiti kimoja, chesisi ya mabomba, injini ya pikipiki, cheni mpaka kwenye eksoli ya nyuma, hamna rivasi, atakwambia hili mbona ni gari la mbio, tena la aina ambayo ina miaka zaidi ya tisini. Kinachokosekana ni uwanja wa kulikimbizia.

Wenzetu Marekani wanayaita midget. Ni vijigari vya mbio vifupi, vya mtu mmoja, matairi yote yako nje ya bodi, vinazunguka kwenye uwanja mdogo wa duara wa udongo na vinakata kona vikiwa vimekaa upande upande, nyuma inataka kupita mbele. Tarehe 4 Juni 1933 pale Sacramento, California, kwenye uwanja unaoitwa Hughes Stadium, ndo yalifanyika mashindano ya kwanza ya mbio hizo yaliyopangwa rasmi. Sasa huo mwaka 1933 uangalie vizuri. Uchumi wa Marekani ulikuwa chini kabisa, watu hawana kazi, mabenki yanafungwa, na gari kubwa la mbio lilikuwa la matajiri kama ambavyo Subaru ya rally leo hapa kwetu ni ya mtu mwenye hela zake. Kwaiyo mafundi wa gereji wakachukua walichonacho. Injini za pikipiki kuukuu, Indian, Harley-Davidson, Henderson ya silinda nne, wengine wakabeba mpaka injini za boti, zile Elto za kufunga nyuma ya mtumbwi, wakazifunga kwenye chesisi walizokata na kuchomelea wenyewe. Na uwanja hawakusubiri wajengewe, waliingia kwenye viwanja vya shule vya mpira na riadha wakazunguka pale pale panapokimbia watu, robo maili, ambayo ni mita 400 na vichenji, yaani mzunguko mmoja wa pale Sheikh Amri Abeid. (Hapo msinielewe vibaya, sisemi machalii wakachimbe njia ya wanariadha, mkoa huu ndo kwao kina Filbert Bayi, tuheshimu.)

Ile Henderson niliyoitaja ilikuwa na bahati ya kipekee. Silinda zake nne zimepangwa kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma, kama gari, injini yenyewe karibu 1,300cc, kwaiyo ukiilaza kwenye chesisi ndogo krenki (mhimili wa injini unaozunguka) inaelekea moja kwa moja kwenye eksoli ya nyuma, unafunga propela fupi (chuma cha kupeleka mzunguko nyuma) unaenda. Indian nayo ilikuwa na yake ya silinda nne ya mpangilio huo huo. Wenye injini ya V, silinda mbili zimekaa kama herufi V, wao walihangaika zaidi, krenki imekaa kwa upana, inabidi cheni.

Mwaka uliofuata, 1934, Los Angeles ukajengwa Gilmore Stadium, uwanja uliojengwa kwa kuwafikiria wale wa midget. Mwaka mmoja tu! Kitu cha mafundi wa vichochoroni kimepata uwanja wake. Na mwaka huo huo Fred Offenhauser akatoa injini iliyobuniwa hasa kwa midget, silinda nne, kama lita 1.6, na pale Marekani injini za pikipiki zikaanza kuachwa nyuma. Hili nalisema mwenyewe mapema asije mtu wiki ijayo akaandika kwamba fundi kaficha. Ni kweli, mwenye Offenhauser alimpiga mwenye Henderson. Ila ilikuwa ghali, na sidhani kama mtu angejisumbua kuiunda kama wale wa Henderson na Indian wasingekuwa wameshajaza majukwaa.

Injini ya pikipiki ilidumu zaidi Uingereza na Australia. Huko jina kubwa lilikuwa JAP, kiwanda cha J. A. Prestwich pale Tottenham, London. Walikuwa na ya silinda moja ya 500cc kwa ajili ya pikipiki za speedway (mbio za kwenye duara la udongo), na walikuwa na V ya silinda mbili inayokaribia 1,000cc, hizo zote ziliishia kwenye vijigari. Kabla ya vita vya pili vya dunia kuna bwana Harry Skirrow alikuwa anaunda vijigari vya JAP ya V ambavyo nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne, na inakwenda kwa cheni. Magurudumu manne kwa cheni ndugu mhariri, miaka ya 1930. Leo kijana wa Kwa Mrombo akifunga cheni moja tu kwenda nyuma anaambiwa kaungaunga.

Australia mbio hizi zilifika Melbourne mwaka 1934, na huko ndo kuna habari ambayo naipenda kuliko zote. Jack Brabham alikuwa fundi, wakati wa vita alikuwa fundi wa ndege kwenye jeshi la anga, vita ilipoisha akafungua karakana ndogo nyuma ya nyumba ya babu yake Sydney, anachonga vyuma na kutengeneza magari ya watu. Rafiki yake mmoja Mmarekani alikuwa anakimbiza midget, wakatengeneza pamoja kijigari, injini ni JAP ya pikipiki ambayo Brabham mwenyewe aliifanyia kazi. Mke wa yule rafiki akasema hapana, acha hizo mbio, rafiki akaacha, na gari likabaki kwa fundi. Fundi akapanda. Mwaka 1948 akachukua ubingwa wa Australia wa magari hayo. Halafu akaenda Ulaya, 1959 bingwa wa dunia wa Formula One, 1960 tena, na 1966 akachukua mara ya tatu kwenye gari lenye jina lake mwenyewe, kitu ambacho hakuna dereva mwingine kakifanya mpaka leo. Sisemi kila chalii wa Unga Limited ni Brabham. Nasema tu kwamba huyu naye alianzia kwenye karakana ya uani na injini ya pikipiki, na siku anaanza kulikuwa na uwanja wa udongo wa kwenda kujipima jioni.

Na lile gari alilochukulia ubingwa wa 1959 na 1960, Cooper, nalo ukoo wake ni huo huo. Mwaka 1946 pale Surbiton, Uingereza, Charles Cooper na mwanae John walichukua ncha za mbele za vijigari viwili vya Fiat Topolino wakaziunganisha, moja mbele moja nyuma, nyuma ya dereva wakaweka JAP ya 500cc na giaboksi la pikipiki. Kwanini nyuma? Kwa sababu cheni inataka kuwa karibu na eksoli, ndo sababu ya kifundi yenyewe, hamna falsafa. Magari mengi makubwa wakati huo yalikuwa na injini mbele, miaka michache baadae wote wakahamia nyuma na mpaka leo Formula One injini iko nyuma ya dereva. Dereva maarufu wa Uingereza Stirling Moss nae alianza na Cooper 500 mwaka 1948. Baadae wakagundua Norton ya Manx ina nguvu kuliko JAP, ila Norton walikuwa hawauzi injini peke yake, kwaiyo watu walinunua pikipiki nzima mpya, wanang'oa injini, fremu inabaki, na fremu zile wengine wakaenda kuzifunga injini za Triumph. Hiyo ndo gereji! Hata pale kwetu ukinunua pikipiki iliyopata ajali hamna kinachotupwa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho waandishi hamkiulizi na ndo kinanifanya niandike. Kuhamisha injini ya pikipiki kwenda kwenye gari ni kazi ya akili kweli kweli, mtu anayedhani ni kuchomelea mabano manne na kubana nati hajawahi kuifanya. Chukua oili tu. Pikipiki ikikata kona inalala. Ikilala, oili inabaki chini pale pale ilipokuwa, kwa sababu injini na dereva na oili wote wamelala pamoja. Ing'oe hiyo injini uiweke kwenye gari, gari halilali, linabaki wima, kona inaisukumia oili ukutani upande wa nje na pampu inabaki inanyonya hewa. Injini inazunguka mara elfu saba, nane kwa dakika, haina oili, sekunde chache tu beringi zimekwisha. Na kwenye uwanja wa duara kona ni ile ile ya kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mbio ziishe. Kijana injini inamkatikia anamlaumu aliyemuuzia, kumbe injini ilikuwa nzima kabisa, ilikufa na kiu. Kabureta nayo ina shida hiyo hiyo, petroli kwenye bakuli lake inakimbilia upande mmoja, floti inadanganyika, gari linakohoa katikati ya kona na kwenye njia nyoofu linakuwa zima, fundi anabadilisha plagi wee mpaka anachoka.

Wale wazee wa JAP hii ya oili waliikwepa kwa namna yao. Oili yao haikukaa chini ya krenki, ilikuwa na tenki lake pembeni, pampu inaingiza kidogo kidogo, ikishapita inatupwa nje, hairudi. Ni hasara na ni uchafu, ila haijalishi gari limelala ama limesimama. Na mara nyingi oili yenyewe yalikuwa mafuta ya nyonyo, hii hii nyonyo inayoota yenyewe huku kwetu kwenye mapori na kando ya njia, maana yanahimili joto kali bila kukimbia. Kwa injini zetu za leo dawa ni kufungua chini na kuchomelea vizuizi ndani ili oili isikimbie yote kwa mpigo, au kuongeza kina cha sampu (bakuli la oili chini ya injini), au kama unaweza uweke tenki la pembeni na pampu ya pili ya kurudisha. Kila moja ina gharama zake. Kijana ambaye amelitatua hilo mwenyewe bila kufundishwa na mtu, huyo muandikeni, tena muandikeni alilitatuaje.

Upepo nao. Injini ya Boxer, pikipiki yetu ya boda, inapozwa na upepo wa mwendo, imekaa wazi kabisa mbele ya miguu ya dereva. Ukiificha nyuma ya kiti ndani ya bodi ya bati inaiva. Inabidi uiachie njia ya hewa, uitoboe bodi pembeni, uweke bati la kuelekeza upepo kwenye mapezi ya silinda, au utumie zile injini za toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) zenye feni au zenye maji. Klachi ya pikipiki haikuundwa kusukuma gari toka limesimama, ingawa hapa kwetu Boxer inabeba mishikaki na gunia la mkaa juu inapanda mlima, kwaiyo naweza sema klachi zetu zimeshapewa mafunzo. Midget nyingi za zamani hata klachi hazikuwa nayo. Stata hamna, giaboksi hamna, unalisukuma na gari lingine mpaka linawaka, likishawaka ni gia moja tu mpaka mwisho, na mpaka leo midget zinasukumwa hivyo hivyo. Kwaiyo yule mchambuzi wa rivasi akae akijua.

Na difu. Watu wanasema chalii kachomelea difu kwa sababu hajui. Kwenye duara la udongo unataka magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, ndo gari likubali kuteleza na wewe uliongoze kwa mguu wa petroli. Mafundi wa hizo mbio mpaka tairi la nyuma la kulia wanaweka kubwa kidogo kuliko la kushoto ili gari lenyewe lipende kukata kushoto. Hebu fikiria hilo gari barabarani, litakupeleka mtaroni. Uwanjani ni sawa sawa kabisa.

Mi kwa maoni yangu ya kifundi sisi tuna kitu ambacho wale wa 1933 wangekipigania, na ni toyo. Toyo ya mizigo ina injini ya pikipiki lakini ina propela, ina difu, ina rivasi kama mtu anaililia sana, ina breki za nyuma pande zote mbili, spea zake ziko kila duka na kila fundi wa Mbauda mpaka Kiboriloni anaijua kwa macho yaliyofumba. Ukikata fremu ukashusha injini chini ukasogeza eksoli mbele umeshapata nusu ya midget. Nguvu sio nyingi, tusidanganyane. Boxer ya 150 ina farasi kama 12, na toyo hata ile kubwa haifiki popote kwenye zile JAP za speedway za 500cc ambazo zilikuwa zinatoa kama 40. Halafu na huu urefu wa Arusha kutoka usawa wa bahari, mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo (turbo ya kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 3 kila mita 300, kwaiyo hapa tumeshaacha kama asilimia 14 kabla hata hatujawasha. Moshi wako chini wanapoteza kidogo kuliko sisi (wasitambe). Ndo maana kabureta iliyopimwa Dar ikija huku inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, inabidi ushushe jeti. Lakini nguvu ndogo kwenye gari jepesi kwenye uwanja wa mita 300 inatosha kabisa kumtoa mtu jasho, na ajali yake inakuwa ndogo pia.

Wale wa JAP farasi wao 40 waliwapata kwa methanoli. Inapoza injini na inakubali kukandamizwa sana ndani ya silinda, japo unachoma karibu mara mbili ya petroli. Hiyo tuiache. Moto wake mchana hauonekani, mtu anaungua na wenzake wamesimama wanamwangalia, na wote tunajua methanoli ikiingia kwenye gongo inafanya nini kwenye macho ya watu. Petroli ya sheli inatosha.

Ninachoomba ni hiki. Arusha na Moshi tuwe na daraja moja la vijigari vya injini ya pikipiki au toyo, tuseme isizidi 250cc, petroli ya kawaida, tairi za kawaida, na kila gari lipitie kwenye kizuizi cha hewa cha ukubwa mmoja kabla ya injini, kipande kidogo tu cha chuma anachochonga fundi wa tani (mashine ya kuchonga vyuma), ili mwenye hela asilete injini ya ajabu akawafukuza wengine. Hiyo ya kizuizi sijaibuni mimi. Wanafunzi wa uhandisi Marekani toka miaka ya mwanzo ya 1980 wana mashindano yao ya Formula SAE, wanaunda vijigari wenyewe na wengi wanatumia injini za pikipiki, kikomo ni 710cc na hewa yote inapita kwenye tundu la milimita 20. Vyuo vikuu vizima vinafundishia hapo. Sisi tuna Chuo cha Ufundi Arusha, tuna VETA Moshi, tuna taasisi za kubuni mashine za TEMDO na CAMARTEC hapa hapa, watu wenye mashine za kuchonga na wenye hesabu za chuma. Wanafunzi wao wanamaliza miaka wanachora giaboksi kwenye karatasi wakati nje ya geti kuna chalii ana giaboksi mkononi na hana mtu wa kumfanyia hesabu ya sproketi.

Usalama usiwe wa maneno. Midget za zamani hazikuwa hata na bomba la kumlinda dereva juu ya kichwa na watu walikufa kweli, hapo tusiige. Bomba juu ya kichwa, tena liwe bomba la maana lililochomelewa na mtu anayejua na kukaguliwa na mtu mwingine, mkanda wa mabegani, helmeti inayofunika uso, bati nene kati ya cheni na mgongo wa dereva maana cheni ikikatika inarudi kama fimbo, swichi ya kuzima injini ambayo mtu wa nje anaifikia, mtungi wa zimamoto pande zote mbili za uwanja, tuta la udongo kati ya magari na watazamaji na watoto wasikae juu ya tuta. Boza la maji likimwaga kabla ya kila mbio, hili vumbi letu likikauka huoni hata tairi lako mwenyewe. Watu wa rally wanayajua haya yote, waombwe waje wasimamie. Mashindano ya Safari yameanza 1953 na yalikuwa yanakatiza Tanganyika, wazee wetu walikaa kando ya barabara kuyatazama, na wengi wanamkumbuka Joginder Singh wa Kenya aliyeshinda 1965, 1974 na 1976. Rally naipenda. Ila rally unaiona kwa sekunde tano, gari limepita limekuachia vumbi, na kuingia mwenyewe kushindana usiwaze kabisa kama huna mtaji. Duara la udongo mama muuza mahindi anaona mbio nzima akiwa amekaa.

Najua kuna atakayesema bodaboda wanatuua tayari na huyu fundi anataka kuwaongezea. Nimelifikiria hilo. Wale wanaopenda kasi wapo, tuwape uwanja tusiwape, na wasipokuwa na uwanja wanashindana kwenye lami usiku katikati ya malori na bila helmeti. Kwenye duara wote wanakwenda upande mmoja na hamna mtembea kwa miguu. Sidai kwamba barabara zitapona kwa hilo, nadai tu kwamba hoja ya kuwakataza haijawahi kumzuia mtu.

Eneo la kuanzia wala sio lazima liwe la kudumu. Shamba likishavunwa wakati wa kiangazi, mwenye shamba akakubali, greda likapita nusu siku, umepata uwanja, msimu wa kulima ukifika unaondoka. Halmashauri watasema hamna bajeti, sawa, basi watoe kibali tu na gari la wagonjwa siku moja.

Na nyie ndugu mhariri, mkipata tena habari ya kijana na gari lake msimuulize tu alitumia muda gani na anamshukuru nani. Muulizeni injini ni cc ngapi, oili kaizuiaje kwenye kona, cheni kaipangaje na eksoli, gari lote lina kilo ngapi, muombeni afungue bonneti mpige picha ya injini badala ya picha ya kiongozi. Fundi mwingine wa Pasua au wa Usa River akisoma atajua aanzie wapi, na atajua wapi mwenzake kakosea ili asikosee hapo.

Jambo la mwisho ni la wenye mashamba ya zamani ya kahawa huku Kilimanjaro na Meru, na familia ambazo babu alikuwa na pikipiki enzi za mkoloni. Kama kwenye stoo kuna BSA, Norton, Vincent, au injini yoyote imeandikwa JAP, hata kama ilikuwa ya kuvutia maji maana walitengeneza na za pampu pia, msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Huko Uingereza na Australia kuna watu wanafufua vijigari vyao vya miaka ya 1930 na 1940 na vipuri hivyo wanavitafuta kwa tochi. Mi sitaki kuinunua, sina hiyo hela. Naomba tu niifungue mara moja mbele ya vijana wa gereji waone tenki la oili lilivyokaa pembeni na pampu inavyogawa, halafu nitaifunga vizuri nimrudishie mwenyewe. Gazeti lina namba yangu.

Ni mimi,
Fundi pikipiki, Unga Limited, Arusha